Dakika Hamsini na Nane

Jumatano, 1 Agosti

Nimenunua simu. Si ile ya vibonye ambayo kila mtu anayo. Hii ni ya kioo, nyeusi, nyembamba kama mkate wa muhogo, na ukiigusa inaamka. Nimeinunua Karefou, ng'ambo ya mto, kwa gourde elfu saba na mia tano, taslimu, zangu mwenyewe. Naandika "zangu mwenyewe" kwa sababu wapo watu hapa Fon Palmis watakaosema ni mwanangu Wilner aliyenitumia kutoka Chile. Wilner hajatuma kitu tangu Pasaka. Ana mtoto mchanga na kodi ya nyumba. Mimi nilianza na sinia moja ya samaki wa chumvi, miguu mitupu, mwaka ule ndugu wa marehemu mume wangu waliponitoa shambani kwake na kuniachia sufuria mbili. Kusoma nilijifunza nikiwa na miaka ishirini na saba, kwenye darasa la jioni la kanisani, magoti yakigusa kidevu kwa udogo wa benchi. Kwa hiyo mtu asiniletee habari za nani amenipa nini.

Muuzaji aliniambia, "Mama, hii ukiitunza itakuzika."

"Nimezika wengi kuliko wewe," nikamwambia. "Nipe risiti."

Wakati wa kurudi niliifunga kwenye mifuko mitatu ya plastiki nikaiweka kifuani. Lamercie alicheka mpaka mzigo ukayumba kichwani. Lamercie ndiye aliyemshika Wilner wangu siku ya ubatizo, na tumekwenda soko pamoja miaka ishirini na miwili. Ni mnene, na goti lake la kushoto ni bovu, hivyo mtoni siku zote hupita wa mwisho ili asimcheleweshe mtu.

"Shoga," alipiga kelele nyuma yangu, "hata mwanao wa kumzaa hukumbeba hivyo!"

"Wilner hakuwa na kioo."

Alhamisi, 2 Agosti

Ina tochi. Ina redio. Ina saa inayohesabu mpaka nukta. Nimepiga picha jogoo, chungu na mguu wangu. Leo sikuuza kitu.

Jumamosi, 4 Agosti

Hatuna daraja. Lile lililokuwepo mto uliondoka nalo, na waliokuja kupima jipya walipima wakaenda zao. Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, sisi wachuuzi kumi na wawili tunavuka kwa miguu, kwa mstari, maji magotini, mizigo kichwani. Shida ni kwamba mvua inaweza kunyesha milimani huku kwetu jua likiwaka, na mto ukateremka ghafla bila kubisha hodi. Ndiyo maana yupo Mjomba Occilus. Hukaa juu ya mwamba kwenye kona ya mto, juu kidogo ya kivuko, na baragumu lake la kombe la baharini. Akipuliza, hakuna kuingia majini, na aliyekwisha kuingia anatoka kwa upande ulio karibu naye. Kila mmoja wetu humpa kikombe cha maharage kila siku ya soko. Baba yake alipewa hivyo, na babu yake.

Leo nilimpa kikombe changu nikakisawazisha kwa kidole, sawa na mdomo, kama ninavyompimia mteja yeyote.

"Clermise, binti yangu," akasema, "kikombe cha mto hakipitishwi kidole. Kinatolewa na kilima chake."

"Kilima hicho kina punje arobaini, Mjomba. Nimezihesabu."

"Umezihesabu!"

"Vikombe kumi na viwili, mara mbili kwa wiki, wiki hamsini na mbili. Elfu moja mia mbili arobaini na nane. Na mwaka jana ulipuliza mara ngapi? Kumi na tisa. Kila mpulizo vikombe sitini na tano na ushei."

Akacheka, mzee yule, meno mawili. "Umehesabu nilipopuliza. Siku nilizokaa kimya nikitazama hujazihesabu."

Wengine wakacheka naye. Mimi sikucheka. Nimekuwa nikilipa watu wasiofanya kitu tangu nizaliwe.

Jumapili, 5 Agosti

Nimefikiria jambo wakati wa mahubiri. Binamu yangu Dieula anakaa Tèt Dlo, kule juu ambako vijito viwili hukutana na kuwa mto wetu. Nyumba yake iko hatua thelathini kutoka majini. Ana simu ya vibonye, na mlimani kule mtandao unashika.

Jumanne, 7 Agosti

Ilinyesha milimani. Dieula akanipigia kama tulivyopatana: "Yanapita sasa hivi, Clermise. Ya kahawia, yana majani." Nikaiwasha saa ya simu na kukaa ukingoni nikilitazama jiwe bapa lililo katikati ya kivuko. Jiwe likifunikwa, hapavukiki.

Lilifunikwa dakika ya hamsini na nane.

Hamsini na nane! Mstari wetu wote, na goti la Lamercie likiwemo, unavuka kwa dakika tisa. Occilus akipuliza anatupa dakika sita. Nani ajuaye kuhesabu atachagua sita?

Jumatano, 8 Agosti

Niliwaeleza wenzangu kabla ya kuvuka. Kila siku ya soko nitampigia Dieula tukifika ukingoni. Akisema maji ni meupe, tunavuka. Yakigeuka rangi, atanipigia yeye, nami nitakuwa nimebaki ukingoni na simu mpaka wa mwisho avuke. Maharage yetu yabaki kwetu.

Occilus aliteremka kutoka mwambani kuja kusikiliza. Hakukasirika, na hilo liliniudhi.

"Hiyo hamsini na nane umeipima lini?"

"Jana."

"Jana ardhi ilikuwa na kiu, binti yangu. Maji yaliteremka yakinywewa njiani. Ngoja ardhi ishibe."

"Kwani mto una tumbo, Mjomba?" akauliza Rosemène, mwenye ulimi mrefu kuliko sisi sote, na wote wakacheka, safari hii upande wangu.

Kumi walikubali. Lamercie alikubali nusu. "Mimi nitaifuata simu ya shoga yangu," alisema, "ila kikombe cha Mjomba nitaendelea kukitoa."

"Cha nini?"

"Cha mazoea."

Jumamosi, 11 Agosti

Meupe. Tumevuka. Occilus amekaa mwambani palepale, baragumu mapajani, kama mtu aliyesahauliwa na gari.

Jumanne, 14 Agosti

Foleni ya kuchaji kwa Fanor kinyozi. Ana paneli moja ya jua na simu kumi na sita. Yangu inawekwa ya kwanza kwa sababu, anasema, "hii ni simu ya kazi." Nimeipenda kauli hiyo.

Jumamosi, 18 Agosti

Leo imefanya kazi. Tulikuwa tumepanga mstari, jua kali, mto mwembamba kama utepe. Simu ikalia. "Yanakuja," akasema Dieula. Nikainua mkono, wote wakarudi kukaa juu ya mizigo. Rosemène akaanza kulalamika kwamba mashelisheli yake yatalainika. Dakika ya hamsini na tano mto uliteremka wote, mbwa aliyekufa ndani yake, na Rosemène akanyamaza.

Waliniimbia. Kweli, waliniimbia, wakipiga makofi, mimi niliyekaa benchi la watoto. Baragumu lililia dakika sita kabla ya maji, na hakuna aliyegeuka kulitazama.

Jumatano, 22 Agosti

Wilner amenifundisha kupiga simu ya picha. Nimemwona mjukuu wangu. Naika. Ana miezi minane na sijawahi kumwona ila kwenye picha moja iliyokwajuka. Ana masikio ya babake na hasira zangu. Aliniangalia, akanyoosha kidole kwenye kioo kutoka Chile, nami nikanyoosha changu, tukagusana bila kugusana. Nililia kama mjinga, na wachuuzi wote wakanizunguka ukingoni wakipiga vigelegele.

Wilner ana nafasi asubuhi tu, kabla ya kazi, na nyumbani kwangu mtandao wa picha haushiki. Unashika kanisani na kivukoni, na siku za soko nipo kivukoni. Nimepiga hesabu: hata nikizungumza robo saa nzima, nimebakiwa na dakika arobaini na tatu. Zinatosha kuvusha mstari mara nne na kubaki na chenji.

Jumatatu, 27 Agosti

Mvua.

Jumanne, 28 Agosti

Mvua. Chumvi imegeuka maji ndani ya kopo.

Jumamosi, 1 Septemba

Dieula alipiga, tukangoja. Dakika arobaini na tisa. Bila shaka alikuwa jikoni akachelewa kuyaona. Nimempigia jioni.

"Nilikuwa nimesimama mlangoni, Clermise. Nilikupigia hapo hapo."

"Basi saa yako imelala."

"Mimi sina saa. Saa unayo wewe."

Jumatano, 5 Septemba

Naika amesimama! Ameshika kiti, akasimama, akaanguka kwa makalio. Wenzangu walimpigia makofi kana kwamba wamemzaa wao. Lamercie amesema akifika mwaka, atamtumia bangili.

Tulichelewa sokoni. Hakuna aliyelalamika.

Jumamosi, 8 Septemba

Meupe.

Jumatatu, 10 Septemba

Kitabu changu cha nyimbo kimeota ukungu. Vyura wamehamia uani. Ukikanyaga shambani mguu unazama mpaka kifundoni, na ukiuvuta, shimo linajaa maji kabla hujaweka mguu wa pili.

Jumamosi, 15 Septemba

Arobaini na moja.

Sikuwaambia wenzangu namba. Niliwaambia, "Mnaona? Muda tele." Kweli ni muda tele. Dakika tisa zinaingia humo mara nne na nusu. Dieula anaapa hakuchelewa hata nukta. Namjua Dieula tangu utotoni, alikuwa akitumwa maji anarudi na vipepeo.

Tukiwa tunangoja, Occilus alipita nyuma yangu. Hakusimama. Alisema kama mtu anayejisemea: "Imeshiba sasa."

Jumatano, 19 Septemba

Meupe. Naika ana jino.

Jumamosi, 22 Septemba

Nilimkuta Lamercie akimpa Occilus kikombe chake, kilima juu yake, nikamfanyia mzaha. Hakucheka kama kawaida. Tulipokuwa tunapanda kutoka mtoni alinishika kiwiko ili goti lake lipumzike.

"Shoga, nikwambie kitu usikasirike?"

"Ukianza hivyo nimekwisha kukasirika."

"Zamani nikiwa majini nilikuwa nasikiliza. Masikio yangu yote yalikuwa mtoni. Sasa nakutazama wewe. Nakutazama mkono tu. Na wewe unatazama kioo."

"Ndiyo kazi ya kioo."

"Sawa," akasema. "Basi kitazame vizuri."

Nilimwona ana wivu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyomwona.

Jumatano, 26 Septemba

Mvua usiku kucha milimani, lakini alfajiri maji yalikuwa yamekwisha kupita. Tukavuka. Mbwa wa Fanor haingii tena mtoni kunywa.

Jumamosi, 29 Septemba

Lamercie amechukuliwa na mto. Simu haikulia.

Jumapili, 30 Septemba

Wanaume wametafuta mpaka giza, na leo tena tangu alfajiri. Wamepata kapu lake na kiatu kimoja.

Nitaandika yalivyokuwa. Saa moja na dakika tano asubuhi nilimpigia Dieula, akasema meupe. Mbingu ilikuwa safi. Saa moja na dakika thelathini na nne wenzangu kumi na mmoja waliingia majini, mimi nikabaki ukingoni. Dakika ya thelathini na saba Occilus akapuliza. Mstari ukasimama katikati ya mto. Wote kumi na mmoja wakageuka wakanitazama.

Simu ilikuwa haijalia. Niliinua mkono nikawaashiria: endeleeni.

Hawakuendelea mara moja. Baragumu lilikuwa likilia na mkono wangu uko juu, wakawa hawajui wafuate kipi. Walisimama karibu dakika mbili. Kisha wakaendelea. Dakika ya arobaini na tatu maji yakaja, na wawili walikuwa bado ndani, Rosemène na Lamercie. Rosemène alishika mzizi. Lamercie alikuwa nyuma yake, wa mwisho.

Hakupiga kelele. Alinitazama tu.

Jumanne, 2 Oktoba

Wanasema Dieula hakupiga. Uani kwa Lamercie, shambani, kwa Fanor kinyozi, ndilo neno. Rosemène amefungwa kanga kichwani, jicho limevimba, anasema kwa sauti ili barabara nzima isikie: "Tulimwamini mvivu mmoja kule juu, akatuua kwa usingizi!" Wengine wanasema si uvivu, wanasema kuna mtu alimpa kitu ili anyamaze. Wakaniuliza mimi. Nikasema, "Simu haikulia."

Ni kweli. Haikulia.

Alhamisi, 4 Oktoba

Wamempata, karibu na bahari. Tutamzika kesho.

Ijumaa, 5 Oktoba

Tumemzika. Dieula hakuja; walimtumia ujumbe asithubutu. Usiku wa kuamkia leo mtu alipanda Tèt Dlo akamkatia migomba yote na kumfungulia mbuzi.

Jumapili, 7 Oktoba

Sasa nitaandika ya kweli. Daftari hili hakuna anayelisoma, na hata hivyo nimekaa siku nane nikilidanganya.

Saa moja na dakika kumi Jumamosi ile Wilner alipiga. Wenzangu walikuwa wameanza kupandisha mizigo kichwani, wakaishusha, wakaja kumwona Naika. Alikuwa anatembea. Hatua moja, ya pili, ya tatu, kutoka kwa mama yake kuja kwenye simu, mikono mbele, kuja kwangu. Tulikuwa wanawake kumi na wawili tumeshika pumzi.

Hapo ndipo kitu kilipotokea juu ya kioo, kikamfunika uso. Simu haikulia, kwa sababu nikiwa kwenye picha hailii. Inatetemeka tu na kuleta kibao kidogo chenye jina. Sikulisoma jina. Nilitaka kuuona uso. Nikakisukuma kwa kidole, kikaondoka. Kikarudi, nikakisukuma. Kikarudi mara ya tatu, na nakumbuka nilisema, "Hebu toka hapo!" Lamercie akacheka, alikuwa begani kwangu, pumzi yake shingoni mwangu. Naika akafika akabusu kioo.

Dieula alipiga saa moja na dakika kumi na nne. Na kumi na tano. Na kumi na saba. Imeandikwa humo ndani ya simu, kwa rangi nyekundu. Kisha hakupiga tena. Aliona maji yamekwisha kumpita, akawaza kwamba ama nimekwisha kujua, ama sitajua tena.

Baada ya hapo tulicheka, tukasimulia, tukafunga upya mzigo wa Lamercie uliokuwa umelegea. Walipoingia majini Wilner alikuwa bado kwenye simu. Occilus alipopuliza nilikuwa namwambia Wilner, "Ngoja kidogo." Niliinua mkono bila kugeuka vizuri.

Kumi na nne mpaka arobaini na tatu. Dakika ishirini na tisa. Nimerudi nyuma katika daftari hili nikazisoma: hamsini na nane, hamsini na tano, arobaini na tisa, arobaini na moja. Niliziandika mimi, kwa mwandiko wangu. Kutoa ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Mimi niliyehesabu punje za kilima cha maharage sikutoa arobaini na moja kutoka hamsini na nane nikajiuliza zimekwenda wapi. Na wangerudi mara waliposikia baragumu, dakika ya thelathini na saba, wangekuwa nchi kavu ifikapo arobaini. Wote. Lamercie akiwa wa kwanza kutoka, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na ukingo. Karibu nami.

Nimeweka kidole juu ya jina la Dieula. Ukibonyeza na kushikilia, simu inauliza: Ufute? Imeniuliza mara nne tangu mchana.

Jumatano, 10 Oktoba

Sokoni sikwenda. Dieula amepiga mara mbili. Niliitazama ikilia.

Jumamosi, 13 Oktoba

Leo ilikuwa sala ya mwisho ya Lamercie, ya kufunga matanga. Uani kulijaa, meza yenye kitambaa cheupe, mishumaa, kahawa, mikate. Tulikuwa tumeanza wimbo wa pili Dieula alipotokea langoni. Alikuwa ametembea saa nne. Alikuwa na mshumaa mkononi na tope mpaka mapajani.

Rosemène alisimama akaziba lango kwa mwili wake. "Rudi ulikotoka. Muuaji hanywi kahawa ya maiti."

"Nimekuja kuwasha mshumaa tu, dada."

"Usiniite dada! Ulilala, mwenzetu akafa. Ungepiga mara moja tu! Mara moja!"

"Nilipiga," akasema Dieula. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilipiga mara tatu."

"Mwongo! Simu haikulia! Clermise, mwambie!"

Wote wakageuka wakanitazama. Niliwahi kutazamwa hivyo mara moja, na najua nilifanya nini. Siku ile niliwaashiria kwa mkono, endeleeni.

Nikaitoa simu kifuani. Nilimpa Rosemène, kwa sababu anajua kusoma na kwa sababu alikuwa majini. Nikamwonyesha mahali. Alisoma polepole, kwa sauti, kama asomaye jina juu ya kaburi. "Dieula, saa moja na dakika kumi na nne. Dieula, kumi na tano. Dieula, kumi na saba." Akasoma tena. Kisha akaniangalia.

"Kile kibao," akasema. "Kilichokuwa kinamziba mtoto."

"Ndiyo."

"Tulikuwa wote pale. Wote tulikuona ukikisukuma."

"Nilikisukuma mimi."

Hakuna aliyenipiga. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilikuwa hata nimevua hereni. Rosemène alinirudishia simu kwa ncha za vidole, akaondoka langoni, na Dieula akaingia akawasha mshumaa wake. Alipopita karibu nami hakusimama. Wimbo haukuendelea. Watu walikunywa kahawa, na kwenye kona Mjomba Occilus, ambaye hakuwahi kusema hata siku moja "niliwaambia", akasema tu, akitazama kikombe chake:

"Baragumu halina mjukuu."

Wenzangu walikaa pamoja kando. Sikuitwa. Baadaye Rosemène alikuja kunipa uamuzi, akiwa amesimama, nami nimekaa.

"Simu utabaki nayo. Dieula aendelee kupiga, kama atakubali. Utapokea, utatuambia alichosema. Lakini mkono wako hauinuki tena. Anayesema ingia au toka ni Mjomba. Na hukai tena ukingoni. Utavuka nasi."

"Sawa."

"Wa mwisho," akasema. "Utapita wa mwisho."

Jumapili, 14 Oktoba

Nimetembea mpaka Tèt Dlo na machipukizi sita ya migomba kichwani. Dieula aliyapokea. Tukayapanda pamoja. Nilipokuwa nashuka alisema, "Mara ya kwanza ulipokata nilidhani umesikia na una haraka ya kuwazuia."

Jumatano, 17 Oktoba

Wilner ananiandikia: Mama, mbona hupokei, Naika anakuulizia. Sijui mtoto wa miezi kumi anaulizaje, lakini namwamini. Nitampigia Jumapili, nikiwa kanisani, mbali na maji. Nimemwambia hivyo.

Leo nimekwenda soko. Maji ni meupe, alisema Dieula, nami nikawaambia alivyosema, bila kuongeza. Occilus alikuwa mwambani, kimya. Nikaifunga simu ndani ya kapu kichwani nikashika nafasi yangu mwishoni. Kutoka hapo mto unaonekana mwingine. Mbele yako ni migongo tu. Nyuma yako hakuna kitu. Unasikia kila jiwe linalobingirika chini ya maji, na kila moja unalidhania ni mto unakuja.

Tulikuwa katikati, karibu na jiwe bapa, simu ikalia juu ya kichwa changu.

Mstari ukasimama. Wakageuka. Migongo kumi ikawa nyuso kumi. Occilus mwambani alikuwa amesimama, baragumu mkononi, hajalipeleka mdomoni. Alikuwa anatazama juu ya mto, kisha ananitazama mimi. Sikuwa na mkono wa kuitoa simu bila kuangusha mzigo. Dieula au Wilner. Mmoja kati ya wawili. Ililia mara nne, ya tano.

Sikujua. Nikasema kwa sauti, "Sijui ni nani."

Rosemène, aliyekuwa wa kwanza na karibu kufika ng'ambo, alisikiliza maji. Kisha akasema, "Turudi," na tukarudi wote, dakika nne, bila kusukumana, mimi nikiwa wa kwanza kukanyaga nchi kavu. Nikaishusha simu. Ilikuwa Wilner.

Mto haukuja. Tulikaa ukingoni mpaka saa tano, mashelisheli yakilainika, soko likatupita. Hakuna aliyenilaumu na hakuna aliyecheka. Hapo Occilus akashuka mwambani na kusema leo imekwisha, twendeni nyumbani. Kila mmoja akampa kikombe chake. Ilipofika zamu yangu nilichota maharage kutoka gunia, yakapanda juu ya mdomo wa kikombe yakafanya kilima, na kwa mazoea kidole changu kikanyooka.

Kilisimama hapo juu ya kilima. Mzee alikitazama, nami nikakitazama.

Nikakirudisha. Nikampa kikombe jinsi kilivyojaa, kwa mikono miwili, na punje zilizoanguka nikaziacha chini.